Damu ya Gisiri Ndani ya Hamira

"Mama anakuja," Gisiri alisema. Hata salamu hakutoa.

Phelesia alikuwa ametoka maabara mbio baada ya mlinzi kumwambia ana mgeni langoni, na njia nzima alijikanya asitabasamu. Walikuwa wamekosana, na mtu aliyekosana na mwenzake hamwendei akichekacheka. Lakini alipomwona amesimama pale kwenye jua la Homa Bay, shati la kazi limemkaa vizuri mabegani, macho yamezama kwa kukosa usingizi, moyo wake ulimsaliti hapo hapo. Jamani, kumpenda mtu uliyemnunia ni kazi ngumu.

"Anakuja wapi?"

"Hapa. Metrine amenipigia." Metrine alikuwa dada yake. "Wametoka Ntimaru alfajiri na gari ya kukodi. Saa hii wameshapita Rongo."

"Yawa! Anakuja kufanya nini?"

Gisiri alitazama viatu vyake. "Anakuja kuchukua damu yangu."

Tuseme ukweli tu, kosa lilikuwa la Gisiri mwenyewe. Mwaka uliopita, kabla hawajajuana na Phelesia, alishikwa na malaria huko Awendo alikokuwa fundi wa matrekta ya miwa. Akapewa vidonge, na haukupita muda mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya turungi na macho yakawa manjano. Alipopona, watu wa kituo cha utafiti cha Homa Bay walimwomba damu kidogo, wapate kujua ni kwa nini dawa inayowaponya wengine ilitaka kumuua yeye. Aliyetumwa kumweleza hayo kwa lugha ya kueleweka alikuwa Phelesia Achieng, binti wa Mbita, mwenye sauti ya upole na macho ya utani. Gisiri alitoa damu. Moyo akautoa bila kuombwa. Naye Phelesia akaenda kwa bosi wake, Daktari Bogonko, akamwambia waziwazi: "Sampuli ya mtu huyu mpe mwenzangu. Mimi sina tena macho ya kuitazama kama sampuli."

Mapenzi yakanoga. Basi Pasaka ilipofika, Gisiri akaenda kwao Ntimaru kumsifu mchumba wake, na kwa vile mapenzi humlevya mtu ambaye hata pombe hanywi, akamwambia mama yake hivi: "Mama, huyo msichana ananitunza hata nikiwa mbali. Damu yangu iko kwake, kwa friji. Wameichanganya na hamira na inamea vizuri sana!"

Sasa niambie, ni mama gani atasikia hayo anyamaze? Nywele za mtu zikinyolewa huokotwa, kucha huzikwa, sembuse damu! Mama Jerusha alisikia jambo moja tu katika sifa zote zile: mwanawe amefanyiwa limbwata. Akasema hakuna posa itakayokwenda Mbita mpaka damu irudi nyumbani. Phelesia alipoambiwa, akajibu kwamba naye haolewi katika boma ambalo mama mkwe anamwona mchawi. Gisiri akabaki katikati, hajui amshike nani. Tangu hapo simu zao zilikuwa za "umekula?" na "nimekula", basi.

"Nimefikiria kitu," Gisiri alisema sasa, akisogea karibu. Alinukia dizeli na miwa, harufu ambayo Phelesia alikuwa akiikumbuka kila akilala. "Tumpe chupa. Chupa yoyote. Tia hamira ya dukani na maji, weka rangi nyekundu kidogo. Aende aimwage huko nyumbani, roho yake itulie. Halafu tunakuja kwenu na ng'ombe, mambo yanaisha."

Lilikuwa jambo rahisi, na Phelesia aliliona urahisi wake. Hamira ilikuwa imejaa jikoni kwake. Chupa zilikuwa tele. Aliwaona hata hao ng'ombe wakiingia kwao Mbita, mama yake akipiga vigelegele, na yeye akichungulia dirishani.

"Hapana," alisema.

"Phele, tafadhali."

"Nimesema hapana. Nikiingia kwa mama yako na uongo wa chupa, nitaishi nao maisha yangu yote. Nitamwangalia akiimwaga hamira ya mandazi chini, akiomba Mungu na machozi, na mimi najua? Siwezi."

"Na akikataa?"

"Akikataa, amekataa."

"Na mimi je?" Gisiri aliuliza. "Mimi umeniweka wapi kwa hiyo ukweli yako?"

Phelesia alimtazama, na hasira yote ikamwishia. Alitaka kumgusa shavu, lakini mlinzi alikuwa ametega sikio kama antena.

"Wewe ndiye unanifanya niogope," alimwambia polepole. "Ingekuwa si wewe, mama yako ningempa chupa zamani, aende zake."

Gisiri alimtazama tu, vile alivyomtazama siku ya kwanza, mpaka Phelesia akainamisha uso. Ndipo gari likasimama langoni.

Mama Jerusha alikuwa mfupi, mnene wa kazi, kilemba kimekazwa, kitenge cha kwendea kanisani kimepigwa pasi. Mkononi alishika mtungi mdogo wa plastiki wenye kifuniko, umeoshwa ukatakata. Metrine alimfuata nyuma akiwakonyeza ndugu yake na Phelesia.

"Karibu mama. Pole na safari," Phelesia alisema, akampa mikono yote miwili.

Mama Jerusha aliishika kidogo akaiachia. "Safari ilikuwa mzuri. Sikuja kukaa." Akanyoosha mtungi. "Nimekuja kwa kitu ya mwanangu. Weka hapa, nirudi."

"Ingia kwanza unywe chai, mama."

"Chai yenu? Nyinyi mnaweka watu kwa hamira, kwa chai nitajuaje mmeweka nani?"

Metrine alipasuka kicheko, akakatwa na jicho la mama yake.

"Mama, si nilikueleza..." Gisiri alianza.

"Wewe nyamaza. Damu ya mwanamume wa Kikuria inamwagika mara moja, siku ya kutahiriwa, mchana, mbele ya rika lake, na udongo wa kwao unaikunywa. Haikai kwa chupa. Haikai kwa friji ya mwanamke. Baba yako alikufa nikakulea mimi peke yangu. Sikukulea ukuje kufugwa!"

Gisiri, mtu mzima anayeinua gurudumu la trekta kwa mikono yake, alinywea kama mtoto wa nasari.

Phelesia alivuta pumzi. "Mama, siwezi kukupa."

"Ati nini?"

"Damu yenyewe iliisha zamani. Kilichobaki si damu, na hakiruhusiwi kutoka kwa jengo hili, hata Daktari mkubwa hawezi kukibeba. Lakini Gisiri akiruhusu, nitakupeleka uone kwa macho yako. Ukishaona, ukisema mimi ni mchawi, basi. Sitakufuata tena. Gisiri pia sitamfuata."

"Phele!"

"Nimesema, Gisiri."

Gisiri alionekana kama mtu aliyepigwa kofi. Hatimaye alikohoa akasema, "Muonyeshe. Ni yangu, nimeruhusu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, akimtazama Phelesia peke yake, "Yote."

Mama Jerusha aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Haya," alisema. "Nionyeshe."

Daktari Bogonko alikubali, mradi mama avae koti na glavu na asiguse kitu. Koti lilimfika karibu na vifundo vya miguu. Alijitazama kwenye kioo cha mlango, akainyoosha kola, akajitazama tena. Phelesia aliliona hilo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapata matumaini kidogo.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, na harufu.

"Hapa kunanukia kama kwa mtu wa mandazi," Mama Jerusha alisema kwa mashaka.

"Ni hamira tu, mama. Kaa hapa."

Mwenzake Phelesia, yule aliyekabidhiwa kazi ya Gisiri, alileta visahani vya plastiki vilivyofungwa, vinavyoonyesha ndani, akavipanga chini ya taa kisha akawapisha. Phelesia alikalia kigoda mbele ya mama, magoti yao karibu yagusane. Naye alikuwa amevaa koti na glavu.

"Ndani ya mwili wa kila mtu kuna maagizo, mama. Tunayaita jeni. Kila agizo linatengeneza mfanyakazi wake, na huyo mfanyakazi tunamwita protini. Sasa kuna mmoja ambaye kazi yake ni kulinda damu isipasuke ikikutana na kitu kikali, kama dawa fulani fulani. Hamira nayo ina mfanyakazi wa kufanana na huyo."

"Hamira? Hii ya mandazi?"

"Ndugu yake kabisa. Mungu hakuona haja ya kubuni kila kitu upya." Mama Jerusha aliguna, lakini si kwa ubaya. "Basi tunachukua hamira, tunaiondolea agizo lake, tunaipa la binadamu. Halafu tunaichokoza na ile dawa ya kuosha vidonda, ile inatoa povu. Mfanyakazi akiwa mzuri, hamira inaishi. Akiwa dhaifu, inateseka."

"Kwa nini hamchokozi mtu mwenyewe?"

"Mtu akifa harudi, mama. Hamira ikifa tunamwaga, tunapanda ingine."

Mama Jerusha alifikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Hii hapa haikupewa agizo lolote," Phelesia alisema, akionyesha kisahani cha kwanza. Kilikuwa kitupu, hakuna kilichoota. "Hii ya pili imepewa agizo walilo nalo watu wengi." Humo mlikuwa na vidoa vyeupe, vinene, vimejaa afya. "Na hii ya mwisho ni agizo la Gisiri."

Mama Jerusha aliinama mpaka pua ikakaribia kifuniko. Vidoa vilikuwemo, lakini vidogo, vyembamba, kama mtama uliomea juu ya mwamba.

"Ni mdogo," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

"Ni mdogo akichokozwa. Bila hiyo dawa anakua sawa na wenzake, ndiyo sababu unamwona Gisiri ana nguvu zake na haumwi. Ni dawa chache tu zinazomwangusha, na sasa tunazijua. Ana kadi, akienda hospitali anaonyesha. Hiyo ndiyo kazi yangu, mama. Hakuna limbwata hapa."

"Alianguka lini?"

Phelesia alisita. "Mwaka jana, akiwa Awendo. Hakutaka usumbuke. Mkojo ulibadilika ukawa mweusi."

Mama Jerusha aliinua kichwa. "Kama kahawa?"

"Kama turungi, alisema."

Mama aliuweka ule mtungi wake sakafuni, polepole, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Nyamongo pia," alisema.

"Nyamongo ni nani, mama?"

"Mtoto wangu wa kwanza. Gisiri alikuwa hajazaliwa. Alikuwa ametembea tayari, anaita kuku wakuje kwake, wanakuja. Malaria ikamshika, tukampa dawa, mkojo ukatoka kama kahawa. Tukamzika." Alikuwa akiongea na kisahani, si na Phelesia. "Watu wa boma wakasema nilikuja na laana kutoka kwetu. Mpaka leo, wanawake wakikaa pamoja, kuna wenye hawawezi kuniachia mtoto wao nimbebe."

Phelesia alijua swali linalofuata, na hapo ndipo alipoogopa kweli. Angeweza kusema sijui. Nani angembishia?

"Gisiri hiyo kitu alitoa wapi?" Mama Jerusha aliuliza.

"Mtoto wa kiume huipata kwa mama yake."

"Kwangu."

"Kwako, mama. Na wewe kwa wazazi wako, na wao kwa wao, mpaka tusikojua."

"Kwa hivyo walisema kweli." Uso wa mama ulikunjamana. "Ni mimi nilimuua."

"La!" Phelesia alipiga kelele mpaka Daktari Bogonko akageuka kule mwisho wa chumba. Adabu zote zilikuwa zimemtoka. "Hapana, mama, usiseme hivyo! Laana mtu humtupia mwingine kwa chuki. Wewe ulimpa mtoto wako damu, kwa sababu ndiyo kitu kila mama anatoa. Hiyo pua ya Gisiri si yako? Huo ukaidi wake aliutoa kwa jirani? Agizo hili liko kwa watu wengi, huku kwetu ziwani na huko kwenu, na wasomi wengi wanaona limesaidia mababu wasimalizwe na malaria kali. Nyamongo alipewa dawa isiyopatana na damu yake, na hakuna aliyejua. Wewe ungejua vipi? Hata mimi ni juzi tu nimejua, na ni kwa kuuliza hamira."

Mama Jerusha alilia. Alilia bila sauti, uso kwenye mkono wa lile koti refu, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Phelesia alivua glavu zake akaenda akapiga magoti, akamkumbatia. Hakufikiri kama anaruhusiwa. Alihisi tu mwili wa yule mama ukilegea kidogo kidogo mikononi mwake, na yeye mwenyewe akajikuta analia, kwa mtoto aliyeita kuku na kwa mwanamke aliyebebeshwa mzigo usio wake miaka yote hiyo.

Walikaa hivyo mpaka mama akapenga kamasi.

"Kwa hivyo aliye hapa ndani si Gisiri," alisema kwa sauti iliyokauka.

"Ni agizo lake, alilopata kwako."

"Basi ni mimi."

"Kwa namna fulani, ndiyo, ni wewe mama."

"Eh! Kumbe mmenifuga mimi kwa friji!" Na kicheko kikamtoka, kikubwa, kimechanganyika na machozi, mpaka akashika meza. "Na mnanilisha nini?"

"Sukari, mama," Phelesia alisema, naye akicheka na kujipangusa macho.

"Sukari ya Awendo?"

"Ya maabara. Lakini utamu ni ule ule."

"Sawa. Kumbe sikunyimwa." Alijifuta macho na kilemba, akakaa wima. Sasa alimtazama Phelesia kwa kirefu, toka nywele mpaka viatu, na Phelesia akakubali atazamwe. "Wewe hii kitu unayo?"

"Nilijipima. Sina."

"Na watoto wenu?"

Wenu. Phelesia alilisikia neno hilo likimwingia mpaka kifuani.

"Wavulana hawataipata," alisema. "Mvulana huichukua kwa mama yake, na mimi sina. Wasichana ndio wataibeba kutoka kwa baba yao. Kila mmoja."

"Wataumwa?"

"Wengi hawaumwi. Tutawapima wakiwa wadogo, na dawa mbaya kwao tutazijua. Hawatapewa kitu gizani."

Mama Jerusha alisimama. Alivua lile koti taratibu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kigoda na kulipapasa.

"Kwa hivyo wasichana ndio watakuwa na kitu yangu," alisema. "Na ya Nyamongo."

"Wote, mama."

"Kwetu watu wanaomba wavulana. Mama mkwe wangu aliomba wavulana mpaka siku ya kufa." Akamshika Phelesia mkono, safari hii bila haraka. "Nyinyi nizalieni wasichana."

Walitoka nje wameshikana hivyo. Gisiri aliruka kutoka kwenye jiwe alilokuwa amekalia akiwasubiri, akaona macho mekundu ya mchumba wake.

"Amekataa? Phele, mama amekataa? Sema basi!"

Phelesia alitikisa kichwa kumwonyesha hawakukataliwa, akacheka, akalia tena. Mwishowe aliuchukua mkono wa Gisiri mbele ya mama yake, mbele ya Metrine na mlinzi, akaushika na wala hakuuachia.